Tambi za Nguruwe Kabla ya Itumba

Jumatatu, 6 Juni 2011. Tunduma.

Ninakufa. Naanza na hilo ili atakayesoma asijisumbue kutumaini. Mchungaji amesema mzee akikaribia safari aungame, nami nimekaribia kwa miaka saba sasa. Basi naungama. Mimi Osea, mwalimu mstaafu, umri sabini na tisa, magoti mawili mabovu, presha moja. Dhambi: kiburi, uchoyo, nguruwe.

Leo nimeshtuka. Mwanangu Ipyana, anayeshughulikia karatasi za mizigo pale mpakani, ameingia chumbani akakaa kwenye kitanda changu kama daktari mwenye habari mbaya. Akasema Jumapili ananipeleka Itumba kwa shangazi yake. Kukaa huko moja kwa moja. Nilidhani anatania. Nikacheka. Nikacheka peke yangu.

Sababu ni mkewe, Jenista. Si kwamba ni mtu mbaya. Sijui kama ni mbaya. Sijawahi kumwona. Kwetu Undali baba mkwe na mke wa mwana hawaonani uso kwa uso, hawasalimiani, hawagusani, na jikoni kwake sikanyagi. Siku hizi wengi wameacha. Sisi hatujaacha. Miaka tisa tumeishi ua mmoja na ninamjua kwa kikohozi tu. Nikitaka kutoka nje, nakohoa, yeye anajificha. Yeye akitaka kupita, anakohoa, mimi nageukia ukutani. Ule ukuta naujua kuliko Zaburi.

Sasa Ipyana anauliza: nikianguka, nani ataniinua? Yeye mchana kutwa yuko mpakani. Jenista haruhusiwi kunishika. Nimemjibu kwamba mimi sianguki. Akauliza Alhamisi iliyopita nilikuwa nafanya nini sakafuni. Nikasema natafuta kalamu. Akauliza kwa saa ngapi.

Itumba! Kwa dada yangu Anastazia! Msabato tangu ujana. Kahawa hanywi. Nguruwe hataki hata kumtaja, anamwita "yule". Anachemsha mboga mpaka zinasahau zilikuwa nini.

Nimepoteza kabisa hamu ya chakula. Nimekula nusu ya ugali tu. Halafu ile nusu nyingine.

Jumanne, 7 Juni

Makene amekuja kunipa pole. Makene ni jirani, Msukuma, mzee kama mimi. Alishuka na ng'ombe zake mpaka bondeni Momba, akawaachia wanawe, naye akapanga nyumba hapa mjini. Ana meno yake yote. Analitaja hilo kila siku.

Hakukaa. Alisimama mlangoni akiziangalia pembe nne za chumba changu, moja baada ya nyingine. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema chumba hiki ni kikavu, kinafaa kuhifadhi mashudu ya ng'ombe. Nikashtuka. Nikamwambia mwenye chumba bado anapumua! Akasema, "Usiudhike, Mwalimu. Mashudu hayana haraka. Na hayakoromi."

Mchana, maharage. Hayana chumvi. Nieleze hapa jinsi tunavyozungumza mimi na mkwe wangu, maana hatuzungumzi. Nina kuku, tetea mweusi, jina lake Katibu, kwa sababu ndiye anayebeba taarifa. Jenista anaweka sahani kizingitini, anakohoa, anaondoka. Halafu nasikia sauti yake nyuma ya ukuta: "Wewe Katibu, chakula kipo mlangoni, usije ukakimwaga kama jana." Nami namwambia kuku, kwa sauti ya darasani: "Katibu, mwambie aliyepika kwamba haya maharage hayana chumvi." Na leo, kama kila siku kwa miaka tisa, jibu likarudi: "Katibu, mwambie aliyekutuma, chumvi iko hospitalini, akaifuate."

Mwanamke mkali. Kuku akala maharage yangu mawili.

Lakini nikiwa nayatafuna, wazo likaja. Wazo kubwa! Tatizo la Ipyana ni nani atanihudumia. Mtu anayejipikia hahudumiwi! Jumamosi jioni Ipyana akirudi, atakuta baba yake amepika chakula kamili, kwa mikono yake, amesimama. Itumba imekwisha. Mashudu ya Makene yatanyeshewa.

Kasoro moja tu. Magoti yangu hayasimami zaidi ya robo saa. Ugali unataka mabega. Maharage yanataka nusu siku. Ni chakula gani cha watu wazima kinachoiva ndani ya robo saa?

Jumatano, 8 Juni

Nimekipata!

Nilitembea na fimbo mpaka kwenye foleni ya malori. Pale Germana ana meza yake, jiko la mkaa na kikaango kimoja kipana kama ungo. Anawapikia madereva. Dereva Mzambia alikuja, Germana akamkaribisha kwa Kibemba, "Mwaiseni mukwai," na kabla yule bwana hajamaliza kukunja mikono ya shati, chakula kilikuwa mbele yake. Tambi za Kichina na nyama ya nguruwe! Nilishtuka nikadhani alikuwa amekipika jana.

Nikaomba kuona tena. Nguruwe aliyekatwa vipande vyembamba kama kiberiti. Mafuta yanafuka moshi. Nyama ndani, chwaa! Vitunguu saumu, tangawizi, pilipili moja. Kabichi na karoti. Tambi zilizokwisha kuchemshwa kidogo. Sosi nyeusi ya soya, ndimu, na, nilishika fimbo yangu kwa mikono miwili, sukari. Sukari kwenye nyama! Nimefundisha sayansi miaka thelathini na sikuwahi kuonywa.

Mimi nimekua nikijua nguruwe anachemshwa asubuhi, analiwa jioni, na hata hapo unamtilia shaka. Huyu alikuwa tayari kabla miguu yangu haijaanza kulalamika.

Germana amejifunza kwenye video za kanda alizoletewa kutoka ng'ambo ya mpaka. Akanipa masharti bila kuombwa: kata kila kitu kabla ya kuwasha moto, nyama ifute maji iwe kavu, tambi usizichemshe zikalegea, pilipili moja tu. Nikamshukuru. Masharti ni ya wanafunzi.

Nikaomba sahani. Akakataa! Ipyana alishapita kumwonya. "Babu, ukila hapa presha ikapanda, watanizika na wewe kwenye shimo moja, na mimi bado nadai maisha." Nikasimama upande ambao moshi unakwenda. Akanihamisha upande mwingine. Lakini tambi kavu na sosi alikubali kuniuzia, kwa kuwa humo hakuna nguruwe.

Ungamo: nimekuja na tambi chini ya kofia.

Alhamisi, 9 Juni

Siku ya aibu.

Nilikwenda buchani mwenyewe. Ipyana ameshapita huko pia! Mtoto huyu angefaa kuwa mpelelezi. Nikamwambia mwenye bucha kwamba nyama si yangu, ni ya mbwa. Akanitazama kwa huruma nyingi, akanifungia mifupa na ngozi, bure. Nilikuwa nimekwisha kusema mbwa, sikuweza kurudi nyuma.

Hatuna mbwa. Nilipofika nyumbani tulikuwa nao watano, wamenifuata kwa adabu kama msafara wa harusi. Nikakohoa getini kumwarifu Jenista. Mbwa wakabweka. Sauti yake ikaja kutoka nyuma ya nyumba: "Katibu, muulize mwenzako, wageni hawa wanalala au wanapita?"

Makene alicheka mpaka akaonyesha meno yote. Makusudi.

Ijumaa, 10 Juni

Nimelazimika kumtumia adui.

Makene alikubali upesi mno. Nilipomuuliza kwa nini, akasema akinisaidia nikashindwa, mashudu yataingia Jumatatu na dhamiri yake itakuwa safi. Hajawahi kununua nguruwe. Yeye hali mnyama asiye na pembe, anasema huna pa kumshika akikudanganya. Alikaa buchani asubuhi nzima. Nikadhani amekamatwa. Kumbe alikuwa anamhoji mwenye bucha: nguruwe huyu alizaliwa wapi, mama yake alizaa mara ngapi, alikuwa na tabia gani. Mwenye bucha akachoka akamkatia mnofu mzuri wa mgongoni ili aondoke.

Akauleta umening'inia kwenye ncha ya fimbo, mkono umenyooka, kama anayetoa nyoka ndani.

Nikauweka kwenye ndoo yenye maji ya baridi, chini ya kitanda. Baridi ya Juni hii inatosha. Katibu aliingia akaizunguka ndoo mara kadhaa, akanitazama. Nikamwambia hiyo si taarifa ya kupeleka.

Kesho Jenista anakwenda mazoezi ya kwaya, mchana wote. Jiko litakuwa wazi. Ndiyo, jikoni kwake ni mwiko. Najua. Lakini mwiko ni kukutana naye, na yeye hatakuwepo. Nimelipima jambo hili kwa akili ya kisomi. Haliwezi kuharibika.

Jumamosi, 11 Juni

Naandika nikiwa nimeinua mguu juu ya gunia.

Jenista alikohoa, geti likalia, akaenda. Nikabeba ndoo. Makene akasimama dirishani kwa nje kuwa shahidi.

Mshtuko wa kwanza ulikuwa jiko lenyewe. Miaka tisa nimekula kutoka humo, sijawahi kuliona. Safi kama zahanati. Kwenye rafu kuna chumvi, pakiti kubwa. Na sufuria mbili za mboga, pacha, moja imefungwa uzi mweupe kwenye mkono. Nikafunua zote. Maharage, na maharage. Nikaonja. Yale ya uzi mweupe ni yangu: hayana chumvi. Mengine yana chumvi.

Anapika mara mbili. Kila siku. Nilidhani nyumba nzima inakula kama mimi, na kwamba yule mwanamke hajui kuunga. Nikasimama pale, magoti yakitumia muda ambao sikuwa nao. Makene akauliza dirishani kama nimekufa. Nikasema nafikiri. Akasema, "Basi fikiria umekaa."

Nikakata nyama nimekaa kigodani. Vipande havikuwa vyembamba kama kiberiti. Vilikuwa kama betri za tochi. Nikasahau tambi motoni. Nilipofunua zilikuwa zimevimba na kuungana kuwa kitu kimoja chenye msimamo. Haidhuru. Nikawasha moto mkali, nikamimina mafuta, yakaanza kufuka. Nikachukua nyama kutoka kwenye ndoo ya maji. Kuikausha? Maji ni maji, yatakauka yenyewe.

Mungu wangu!

Mlio kama tairi la lori limepasuka! Mafuta yakaruka, moto ukapanda mpaka kwenye kenchi, Makene akajificha chini ya dirisha. Nikarudi nyuma, goti likagonga meza, na bakuli la pilipili, konzi nzima niliyokuwa nimeandaa kwa sababu moja isingetosha, likamwagikia ndani ya kikaango, na lile bonge la tambi likafuata.

Sasa nieleze polepole. Pilipili ikiungua hukohoza kila kiumbe. Na katika ua wetu, kikohozi ni sheria.

Mimi nikakohoa jikoni. Kumbe mwalimu wa kwaya hakutokea, Jenista amekwisha kurudi na yuko uani anatwanga karanga. Akasikia kikohozi cha baba mkwe kinatoka jikoni kwake! Akaelewa natoka nje. Akatupa mchi, akakimbilia upande wa dirisha. Dirishani Makene akakohoa. Akadhani ni mimi nimeshafika huko! Akageuka kukimbilia getini. Getini Ipyana ndiyo kwanza anaingia kutoka mpakani, moshi ukampata, akakohoa. Maskini mwanamke! Baba mkwe mmoja, pande tatu. Akabaki na njia moja, nyuma ya nyumba. Na kwa kuwa naye amevuta moshi, akakohoa.

Nikakisikia. Kile kikohozi ninakijua. Kilikuwa karibu na mlango wa mbele. Adabu inataka nimpishe mara moja. Nikakamata kikaango kwa kitambaa, nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Mbio! Mimi! Nikakunja kona ya pipa la maji.

Tukagongana kifua kwa kifua.

Tambi zilipaa. Ziliruka zote pamoja, kwa umoja wao, zikatua juu ya kichwa chake. Mimi nilikaa chini ghafla, kama siku ya kalamu.

Makene, kwenye kona, mikono kichwani. Ipyana, getini, mdomo wazi. Hata Katibu alisimama kwa mguu mmoja. Nilitaka kuufunika uso wangu, lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Ana macho ya mtu anayejizuia kucheka. Nilimtarajia mrefu.

Nikangoja apige kelele, akimbilie kwao. Ana haki. Wengine wamevunja ndoa kwa pungufu ya hapo. Nikamwona Ipyana amelijua hilo pia, uso wake umekuwa kijivu.

Jenista akapiga magoti palepale kwenye tope. Akasema, polepole, kama anayejaribu neno la kigeni:

"Shikamoo, baba."

Sijui marahaba yangu ilitoka wapi, lakini ilitoka nyembamba.

Akaondoa tambi moja kwenye paji la uso, akaitazama, akaitia mdomoni. Akatafuna. Akasema, "Haina chumvi."

Halafu akaniinua. Mkono mmoja chini ya kwapa, kama anayeokota kanga iliyoanguka. Nikashtuka jinsi nilivyo mwepesi.

Jumapili, 12 Juni

Sikwenda Itumba.

Baada ya ibada Ipyana aliwaita wazee wawili wa Kindali wanaoishi hapa mjini. Wakakaa, wakatikisa vichwa, wakasikiliza habari ya kikohozi mara tatu, na mara ya tatu najua kabisa hawakuhitaji. Mmoja alikuwa analia kwa kucheka. Wakaamua: macho yakishaona hayawezi kuambiwa hayakuona. Mkwe akigongwa na baba mkwe, baba mkwe atoe mnyama wa kufungua njia, wale sahani moja, mwiko uondoke. Kwa kawaida ni ng'ombe.

Sina ng'ombe. Wakamgeukia Makene. Makene akatazama juu mbinguni kama mtu anayesubiri mvua.

Ndipo Jenista, kutoka nyuma ya mlango kwa mazoea, akasema hataki ng'ombe. Anamtaka Katibu. Akasema kuku yule amebeba maneno yote ya nyumba hii kwa miaka tisa na hajaongeza lake hata moja. Hachinjwi. Ahamie upande wake tu.

Nikatoa kuku wangu. Tukala sahani moja, ugali na maharage ya uzi mweupe, wote wawili. Nilimwona anayameza. Hayapendi hata yeye.

Ipyana akatangaza kwamba safari imefutwa. Jenista sasa anaweza kuniinua, kunipa dawa, kukaa nami. Makene akasema mashudu yanaweza kungoja, yamezoea.

Nakiri hapa, mbele ya kifo: mpango wangu umefaulu kikamilifu, kama nilivyoupanga.

Jumanne, 14 Juni

Nimeshtuka kuliko siku zote.

Anaongea! Hakuna aliyenionya. Miaka tisa ya maneno amekuwa akiyaweka akiba, na akiba yote inatolewa chumbani mwangu. Anaingia bila kukohoa. "Shikamoo baba, umelala kifudifudi tena, utajinyonga." Amefungua dirisha lililokuwa limefungwa tangu mwaka juzi. Amenitembeza kuzunguka ua mara mbili kabla ya uji. Amenivua koti akalifua. Ananishika mkono nikienda msalani, na nikikataa anasema alishaniona nikiruka na kikaango, hana tena cha kuogopa.

Amenikata kucha. Alizikata vizuri, na alikuwa anaimba wimbo wa kwaya chini chini, na nikalala usingizi katikati ya mkono wa kushoto. Lakini hilo si hoja.

Hoja ni ndoo. Nusu ya mnofu nilikuwa nimeirudisha chini ya kitanda. Asubuhi Katibu aliingia, akaenda moja kwa moja mpaka uvunguni, akalia kwa sauti kubwa mpaka bibi yake mpya akaja. Msaliti! Nilimlea tangu yai! Jenista akavuta ndoo, akanusa, akanitazama. Akasema, "Baba." Neno moja. Nimewahi kufokewa na wakaguzi wa elimu, haikuwa hivyo. Nyama wakapewa wale mbwa watano, ambao kumbe hawakuondoka.

Nimewaza mchana kutwa. Nyumba ambayo mkwe anakuona haina pa kuficha kitu. Nyumba ya Msabato je? Anastazia hajawahi kumnusa nguruwe maisha yake yote. Nikimkaanga palepale sebuleni, atadhani ni mboga mpya. Hawezi kumtambua asiyemjua! Nashangaa sikuliona hili mapema. Itumba ndiyo mahali penyewe.

Nimekwisha kusema na Makene. Atanitafutia mnofu, nami nitamwachia chumba aweke mashudu. Ipyana nitamwambia nimemkumbuka dada yangu, ninakufa, damu ni nzito. Nitalia kidogo.

Kosa la Jumamosi nimeligundua pia. Pilipili zilikuwa chache. Itumba nitaweka konzi mbili.